Ukienda India usiishie Mumbai: jinsi ya kutembelea mji mdogo wa wakulima ukitokea Uganda

Watu wetu wengi wanaoenda India wanaenda kwa mambo matatu tu, matibabu, masomo au kuleta mzigo, na wakirudi ukiwauliza India ikoje wanakusimulia foleni za Mumbai na korido za hospitali, basi. India ya wakulima hawajaiona kabisa na wamekaa huko wiki nzima. Sa hii naandika kwa mtu ambaye safari anayo tayari au anaipanga, ana siku mbili tatu za ziada, na hana hamu ya Taj Mahal (nenda kama unataka, picha zake ziko kila mahali) ila anataka kuona wenzetu wanaolima wanaishi vipi.

Jambo kubwa nitakalokuambia ni hili: chagua mji kwa zao lake, usichague kwa picha. Mji mdogo usiokuwa na shughuli inayokuhusu utakaa hapo watu wanakutazama na wewe unawatazama mpaka jua linazama. Lakini ukifika mji wa kitunguu wakati wa kitunguu, una swali la kuuliza, na mkulima akiulizwa kuhusu zao lake hanyamazi, popote pale duniani. Kwahiyo fikiria kwanza wewe mwenyewe unahusika na nini. Kama unauza viungo kuna Unjha kule Gujarat, mji wa jira. Kama kwenu mna miwa na mnapika sukari guru kuna Anakapalle, Andhra Pradesh, soko lake la sukari guru ni la siku nyingi. Mi hapa nitatumia Lasalgaon, jimbo la Maharashtra, mji wa vitunguu, kwanza kwa sababu kitunguu kila mtu anakijua kuanzia soko la Kalerwe mpaka Owino, pili kwa sababu kutoka Entebbe unafika bila kuzunguka sana.

Lasalgaon iko wilaya ya Nashik, karibu kilomita 230 kutoka Mumbai. Ni mji mdogo, una stesheni ya treni, barabara yenye vumbi, maduka ya mbolea na dawa za shamba, na soko la jumla la vitunguu ambalo linahesabiwa kubwa kuliko yote India, wengine wanasema Asia nzima. Bei inayotajwa pale inasikika nchi nzima. Na kule kitunguu ni siasa, usicheke, mwaka 1998 bei ilipanda vibaya na watu wengi mpaka leo wanasema ndio iliyokiangusha chama cha BJP kwenye uchaguzi wa Delhi.

Uende lini

Novemba mpaka Februari, mi ndio nachagua hapo. Mvua imeisha, kitunguu chekundu kilichopandwa wakati wa mvua kinaingia sokoni kwa fujo, na kuanzia Januari zabibu zinaanza kuvunwa maana Nashik ni wilaya ya zabibu pia. Ila beba sweta la kweli sio lile la mapambo, Niphad ambayo iko jirani inajulikana Maharashtra nzima kwa baridi ya Desemba na Januari, na nyumba hazina cha kupasha moto. Machi mpaka Mei ndio kinavunwa kile kitunguu cha kutunza, kwa mtu wa kilimo huo ndio wakati mtamu zaidi lakini joto linaweza kupita digrii 40 na mwili wa Kampala haujazoea hio kitu. Juni mpaka Septemba ni mvua na tope, faida yake ni sikukuu ya Pola, inaangukia Agosti au Septemba, siku hio maksai wanaoshwa, wanapakwa rangi pembe, wanavishwa mapambo na hawafanyi kazi. Mwaka 2027 angalia sana kalenda, Nashik ina Kumbh Mela, hija kubwa ya Wahindu ambayo huja baada ya miaka 12, hoteli na treni zote zitajaa mahujaji.

Karatasi na hela

Uganda iko kwenye orodha ya nchi zinazopata viza ya India onlaini. Jaza kwenye tovuti ya serikali yenyewe inayoishia na gov.in, kuna tovuti nyingi za ujanja zinazofanana nayo na zinachaji mara mbili tatu. Usisubiri dakika ya mwisho, na ukishapata printi, printi nyingine tena, na fotokopi za pasipoti beba kama tano hivi, nitakuambia kwa nini.

Kadi ya njano ya homa ya manjano ni lazima, na sindano iwe imepita siku 10 kabla hujafika. Sisi tunatoka nchi iliyo kwenye orodha yao, ukifika bila kadi wanaweza kukuweka karantini mpaka siku 6 na hawabembelezi. Kama ulichanjwa zamani usichanjwe tena, siku hizi kadi inafanya kazi maisha yote.

Ndege, Uganda Airlines ilianza kuruka moja kwa moja Entebbe hadi Mumbai Oktoba 2023, vinginevyo unapita Nairobi, Addis au Dubai. Kule saa zao ziko mbele yetu kwa masaa mawili na nusu, hio nusu inachanganya watu sana, seti simu yako mapema.

Hela: shilingi yetu huko ni karatasi tu, beba dola, ubadilishe Mumbai au Nashik kabla hujaingia vijijini. Usinunue rupia huku, na mtu akikupa noti ya rupia 2,000 mrudishie, ilianza kuondolewa kwenye mzunguko 2023. Utakuta kila kibanda cha chai kina karatasi ya kuskani, wenyeji wanalipa kwa simu kama sisi na mobile money, lakini ile kwa kawaida inataka akaunti ya benki ya kwao, kwahiyo wewe ni mtu wa keshi na keshi yenyewe iwe noti ndogo. Chai ni kama rupia 10, ukimpa mzee wa chai noti ya 500 asubuhi umemharibia siku.

Laini ya simu chukua eapoti au duka kubwa Mumbai, wanataka pasipoti, viza na picha, na inaweza kuchukua masaa kabla haijawaka. Usiache kazi hio mpaka ufike mji mdogo, kule wenye maduka hawajui kusajili mgeni. Chaja yako ya pini tatu bapa haitaingia ukutani, wao wanatumia za mviringo, nunua adapta.

Kufika

Kuna treni inaitwa Panchavati Express inatoka stesheni ya CSMT ya Mumbai jioni saa kumi na mbili na kitu, inapita Nashik Road na inasimama mpaka Lasalgaon kwenyewe. Inavutia ila inakufikisha usiku, na kufika usiku mji mdogo usiojulikana ukiwa na begi ni kujitafutia maswali. Bora uteremke Nashik Road, ulale Nashik, asubuhi upande basi. Treni buku mapema, siti zinafunguliwa siku 60 kabla na zinaisha, na ukiona tiketi imeandikwa WL ujue hio sio siti, ni foleni ya kusubiri, haijathibitishwa. Ukipanda treni ya mchana na ukapata dirisha usilale pale Kasara, treni inafungiwa vichwa vingine nyuma vya kuisukuma kupanda milima ya Ghats mpaka Igatpuri, mvua ikiwa imenyesha maporomoko yako pande zote.

Kutoka Nashik mpaka Lasalgaon ni basi nyekundu za serikali, watu wanaziita ST, kama saa moja na nusu mpaka mbili. Shida ni kwamba bao la mbele limeandikwa kwa herufi zao na hata namba wakati mwingine ni zao. Dawa: mwombe mtu wa hoteli akuandikie jina la mji kwenye karatasi, लासलगाव, piga picha, uwe unaonyesha kondakta. Watakupandisha basi sahihi na nusu ya abiria watahakikisha umeshuka sehemu sahihi, hata usipotaka.

Kulala

Hapa ndio wengi wanakwama. Sheria ya India inamtaka mwenye nyumba yoyote ya kulala wageni, hata kama ni mtu binafsi, aripoti mgeni wa nje ndani ya masaa 24 kwa fomu ambayo wengi wanaijua kama Form C. Loji za miji midogo nyingi hazijawahi kuijaza, kwahiyo ukitokea na pasipoti ya Uganda jamaa anakuambia pamejaa wakati funguo zote zinaning'inia nyuma yake. Sio lazima iwe ubaguzi (ingawa mara nyingine ni huo), anaogopa polisi. Piga simu siku moja kabla, uliza kabisa kama wanapokea wageni wa nje na kama wanajaza Form C, wakisita lala Nashik na uende Lasalgaon kama mtu wa kwenda na kurudi. Hapo ndio fotokopi zako zinafanya kazi.

Njia nzuri zaidi ni shamba linalopokea wageni. Maharashtra ina sera ya utalii wa mashamba tangu 2020, wao wanaita krishi paryatan, kuna wakulima karibu na Nashik wanaolaza watu na kuwatembeza shambani. Au tumia watu, na hapa sisi tuna bahati: kama umesoma na Mhindi wa Pune, au yule muuza mashine unayenunua kwake ana binamu Nashik, mwambie. Mgeni aliyeletwa na mtu na mgeni aliyejileta ni watu wawili tofauti kabisa kule, na huku kwetu pia.

Kusalimia

Lugha yao ni Kimarathi, Kihindi wanakijua, Kiingereza kidogo tu isipokuwa vijana. Ukikutana na mzee unasema Ram Ram huku umeweka viganja pamoja, au Namaskar. Usimwite mtu kwa jina tupu. Mwanaume wa rika lako au kakuzidi kidogo ni dada, ndio, dada, zoea tu, mwanamke ni tai, mzee wa umri wa baba ni kaka, bibi ni aji. Mwanaume usimpe mwanamke mkono kama yeye hajaunyoosha. Viatu vinabaki mlangoni. Usiulize mtu tabaka lake hata kama umesoma sana kuhusu hayo mambo na unaona hamu, halikuhusu.

Sentensi moja itakufungulia milango kuliko zote: "Aaj kanda bhav kay?" yaani leo bei ya kitunguu ngapi. Mtu atacheka, kisha atakujibu, kisha atakuuliza kwenu ngapi. Kwahiyo kabla hujaondoka pita Nakasero au Kalerwe ujue kwetu kilo ni shilingi ngapi na uibadilishe iwe rupia, maana utaulizwa na kila mtu na ukisema hujui watakushangaa umekuja kufanya nini.

Sokoni

Nenda asubuhi, mnada ukiwa umepamba moto, Jumapili usiende. Kabla ya safari uliza pia kama hakuna mgomo, mwaka 2023 serikali iliweka ushuru wa asilimia 40 kwa kitunguu kinachouzwa nje ya nchi na wafanyabiashara wakafunga minada, Desemba hio hio wakapiga marufuku kabisa kuuza nje mpaka Mei 2024. Wakulima hasira hizo bado wanazo. Wewe sikiliza tu, usitoe hotuba kuhusu serikali ya watu.

Utaona matrekta yamepangwa safu kwa safu kila moja na tela limejaa vitunguu, mkulima kakaa juu. Kundi la wanunuzi linatembea pamoja na karani wa soko, wanasimama kwenye tela, mmoja anachota vitunguu anavikamua, anavinusa, anavirusha, wanapiga kelele za bei kwa kwintali ambayo ni kilo 100, na kabla hujaelewa nani kasema nini imeisha, karani anamwandikia mkulima kikaratasi na kundi limeshahamia tela linalofuata. Mkulima ana sura moja tu hapo na inategemea kile kikaratasi. Baada ya hapo anaenda kwenye mizani, kisha kwenye uwanja wa mnunuzi kumwaga mzigo, na huko ndio ugomvi unazuka kama vitunguu vya chini havifanani na vya juu. Mfuate trekta mmoja mwanzo mpaka mwisho, omba ruhusa kwanza, hio ni bora kuliko kupiga picha mia za vitunguu. Kwenye mabanda utakuta wanawake wamekaa chini wanachambua kwa saizi, kazi ya siku nzima, piga picha tu kama wamekubali. Na usisimame nyuma ya matela, yanarudi nyuma bila kuangalia.

Jambo lingine ambalo watu hawategemei, pale Lasalgaon kuna kituo cha mionzi cha taasisi ya atomiki ya Bhabha, kinaitwa KRUSHAK, kimejengwa ili kupiga vitunguu mionzi visichipue, na 2007 maembe ya India yaliyoruhusiwa kuingia Marekani yalipitia hapo. Huingii bila kibali lakini ukipita uonyeshwe geti.

Shambani

Mtu akikualika shambani nenda, na uliza banda la kutunzia, wanaliita kanda chawl. Mi naona hili ndio la kujifunza kwa Mganda anayelima Kasese au Kapchorwa na kuuza kila kitu wiki ya mavuno kwa bei ya kutupa. Banda ni jembamba, limeinuliwa kutoka chini, kuta ni mianzi au mbao zilizoachana ama wavu, upepo unapita chini na ubavuni, paa linazuia mvua na jua. Kitunguu cha Aprili kinakaushwa kwanza shambani kimefunikwa na majani yake, shingo ikauke, ndio kinaingia, na kinakaa miezi minne, mitano, mkulima akiangalia bei. Sio muujiza, vingine vinaoza, vingine vinachipua, vyote vinapungua uzito, lakini mkulima ana uwezo wa kusema hapana leo siuzi. Uliza upana wa banda, uliza urefu wa rundo, uliza mbao zimeachana kiasi gani, pima kwa mkono wako, andika.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wao hawatakupa ila wewe omba. Ukishika kazi hata saa moja ya kung'oa vitunguu mazungumzo yanabadilika. Waonyeshe picha za kwenu kwenye simu, mkungu wa matooke utawashangaza kwa sababu ndizi wanazo tele, Jalgaon upande ule ni wilaya ya ndizi, lakini kuzipika ndio chakula kikuu cha mchana hawataamini.

Mkulima kutoka usiku kwenda kumwagilia sio mchawi, umeme wa pampu unagawiwa kwa zamu na zamu nyingine ni usiku. Usimfuate ovyo. Kuna nyoka, na kuna chui kweli, wilaya ile chui wanaishi ndani ya mashamba ya miwa na watu wamewahi kushambuliwa. Jua likizama kando ya miwa usitembee peke yako.

Kula

Asubuhi poha (mchele bapa uliopikwa na viungo) au misal (mchuzi wa kunde zilizochipua), Nashik wanajivunia misal yao na ina pilipili ya kutoa machozi. Mchana bhakri, mkate wa mtama au uwele, na pithla ya unga wa dengu, na thecha ambayo ni pilipili mbichi na kitunguu saumu vimepondwa, chukua kidogo kwanza. Mkono wa kulia tu, na usichovye kwenye sahani ya mwenzako. Chombo cha maji cha kushea usikiweke mdomoni, unamimina kutoka juu, utajimwagia mara ya kwanza na watoto watafurahi. Maji ya chupa angalia sili.

Nyama ya ng'ombe usiitafute, Maharashtra ilikaza sheria yake mwaka 2015 na hata maksai hachinjwi, na hata kuitaja kwenye nyumba ya watu usiitaje. Wengi wanakula mboga tu. Mwislamu akitaka nyama ya halali aulizie mtaa wa msikitini. Kukataa chakula ni kazi, wanaongeza tu, funika sahani na kiganja useme "pot bharla", tumbo limejaa, sema mara tatu.

Sisi weusi

Tuseme ukweli, utatazamwa. Sio kidogo, basi zima. Wengi ni mshangao tu, watataka selfi, watoto watakufuata, mwingine atagusa nywele. Kataa selfi ukichoka, "nako" inatosha, na ukikubali moja ujue zinakuja kumi. Kuna watakaosema maneno mabaya pia, na miji mikubwa kumewahi kuwa na mashambulizi dhidi ya Waafrika, Greater Noida mwaka 2017 ilikuwa habari ya dunia nzima, kwahiyo usiende ukiwa umefumba macho. Mji mdogo una faida moja: kufikia jioni kila mtu anajua wewe ni nani na uko kwa nani. Polisi wakikuuliza jibu fupi, nimekuja kuona soko la kanda, namba ya mwenyeji wangu hii hapa, viza hii hapa. Dada zetu, nguo ndefu na mtandio, na usitembee peke yako usiku, sio kwamba kwetu ni tofauti sana.

Kurudi

Kama una siku ya ziada pita Yeola, iko karibu, wanafuma sari za Paithani kwa mkono na bei zake ni za harusi, lakini kuangalia ni bure. Zawadi ya kubeba nyumbani ni zabibu kavu za Nashik, nyepesi na haziharibiki. Mbegu za vitunguu utashawishika kununua, wauzaji wapo wengi sana, ila usizitie kwenye begi kimyakimya: Uganda inataka kibali cha kuingiza kutoka wizara ya kilimo na cheti cha afya ya mimea kutoka India, bila hivyo zinabaki Entebbe. Kama una nia nazo kweli, kibali kichukue kabla hujapanda ndege ya kwenda.